Ganda la Waya Si Ruhusa ya Kusogeza Jukwaa

Katika miaka ya karibuni mashirika ya umeme ya nchi nyingi yamekuwa yakishusha nyaya tupu za alumini zilizozoeleka juu ya nguzo na kupandisha nyaya zilizovikwa ganda la plastiki. Sambamba na hilo, karibu na majengo yanayojengwa au kupakwa rangi, imekuwa kawaida kuona waya umevishwa mifuniko ya rangi kali kwa urefu wote wa jengo. Mabadiliko haya ni mazuri na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na tafsiri yake. Mkandarasi akiona ganda anasoma ruhusa. Anaamini kwamba jukwaa la mabomba, yaani kiunzi wanachosimamia mafundi wakiwa kazini, ambalo jana lilipaswa kukaa mbali na laini, leo linaweza kusimama karibu nayo kiasi cha fundi kuufikia waya kwa mkono. Nimeona kwa macho yangu mabomba yameegemezwa juu ya mifuniko hiyo wakati wa mapumziko ya mchana, na hakuna aliyeshtuka.

Hoja yangu ni kwamba ganda na mifuniko hupunguza madhara ya baadhi ya makosa, lakini havigusi swali la msingi: je, kuna sababu yoyote ya laini hiyo kuwa na umeme wakati watu wanafunga mabomba ya chuma kando yake? Swali hilo haliwezi kujibiwa na fundi aliye juu ya mbao. Hujibiwa wiki kadhaa kabla, na mwenye mradi, msanifu wa jengo na shirika la umeme. Wasipolijibu, fundi hulijibu kwa mwili wake, na ganda hugeuka kuwa kisingizio cha wale waliokaa kimya.

Tuanze na sababu ya ganda kuwekwa. Finland ilianza kutumia nyaya zenye ganda za msongo wa kati, yaani za volti elfu kadhaa hadi makumi ya maelfu, katika miaka ya 1970, kwa kuwa laini zake nyingi hupita misituni na miti ilikuwa ikisababisha umeme kukatika kila mara. Kule California, kampuni ya Southern California Edison ilianza mwaka 2018 mpango mkubwa wa kubadilisha nyaya tupu katika maeneo yenye hatari ya moto, ili waya ukiguswa na tawi, au ukipigana na mwenzake kwenye upepo, usitoe cheche za kuwasha nyasi kavu. Katika mifano yote miwili adui aliyelengwa ni tawi, ndege na upepo. Mguso uliofikiriwa ni wa kitu chepesi, wa muda, ambao wafanyakazi wa laini watakuja kuuondoa. Ganda hilo halikubuniwa kwa ajili ya bomba la chuma lenye kilo zaidi ya 25, linalosuguana nalo kwa wiki sita huku upande wa pili wa bomba kukiwa na mtu mwenye jasho.

Wengi huchanganya ganda hili na kinga ya kebo inayofukiwa ardhini. Kebo ya ardhini ya msongo wa kati huwa na tabaka nene la plastiki, na juu ya plastiki hiyo kuna tabaka la metali lililofungwa ethi, yaani lililounganishwa na ardhi, kazi yake ikiwa kuufanya upande wa nje ubaki salama kuguswa. Waya wa juu wenye ganda hauna tabaka hilo la metali. Uso wake wa nje bado umo ndani ya nguvu za umeme, na kitu cha chuma kilichounganika na ardhi kikisogea, mzigo wote hubebwa na unene wa plastiki pamoja na hewa iliyobaki katikati. Plastiki hiyo imekaa juani miaka mingi. Hukauka, hupata nyufa, huchubuka pale inapofungwa kwenye vikombe vya nguzo vinavyoshikilia waya, na tundu dogo kama ncha ya sindano halionekani kutoka chini hata kwa mtu mwenye macho mazuri. Zaidi ya hayo, ganda mara nyingi halifiki kila mahali. Kwenye viungo, kwenye maungio ya kushushia umeme kwa wateja na kwenye transfoma, metali huachwa wazi. Sehemu hizi ziko kwenye nguzo, na nguzo za mijini hupangwa kufuata barabara, mahali palepale ambapo uso wa jengo unasimama na jukwaa linatakiwa kujengwa.

Walioandika kanuni wanalijua jambo hili. Kanuni za kitaifa za usalama wa laini za umeme za Marekani huhesabu waya wenye ganda kuwa sawa na waya tupu linapokuja suala la umbali kutoka kwenye majengo na vitu vingine. Nafuu inayotolewa ni ya umbali kati ya waya na waya mwenzake. Kanuni za majukwaa za nchi hiyohiyo zinatoa somo kubwa zaidi kwa anayezisoma taratibu. Kwa waya wenye kihami, yaani tabaka la kuzuia umeme, ulio chini ya volti 300, jukwaa na chochote kinachoshikwa juu yake vinatakiwa kukaa umbali wa futi 3, yaani sentimita 90 hivi. Kuanzia volti 300 hadi kilovolti 50 (volti elfu 50), umbali ni futi 10, karibu mita 3.1. Na kwa waya tupu hadi kilovolti 50? Futi 10 zilezile. Maana yake ni kwamba ukishavuka volti 300, kihami hakikupunguzii hata inchi moja. Zaidi ya kilovolti 50, umbali unaongezeka kwa sentimita 1 hivi kwa kila kilovolti ya ziada. Australia na New Zealand kipimo kinachojulikana na kila fundi wa majukwaa ni mita 4, na anayetaka kusogea ndani yake lazima kwanza akubaliane na mwenye laini. Kuhusu ile mifuniko ya rangi, mamlaka za usalama kazini za Australia zimesema bila kuzunguka kwamba ni alama ya kumsaidia mtu auone waya, na kwamba haimkingi anayeugusa.

Hapa ndipo msomaji makini atauliza kwa nini umbali uwe mkubwa hivyo, na ni swali zuri, kwa sababu jibu lake ndilo linalobomoa imani ya ganda. Hewa kavu kati ya bamba mbili bapa huvumilia takribani kilovolti 3 kwa kila milimita. Kwenye laini ya kilovolti 11, msongo kati ya waya mmoja na ardhi ni takribani kilovolti 6.4. Umeme wenyewe, basi, hauruki mbali: ni milimita chache, au sentimita moja au mbili kukiwa na ncha kali na unyevu. Kama hatari ingekuwa kuruka kwa umeme peke yake, nusu mita ingetosha na kubaki. Mita 3 na mita 4 zimewekwa kwa sababu ya watu na vifaa vyao. Bomba la kawaida la jukwaa lina kipenyo cha milimita 48.3 na urefu unaofika mita 6 au kuzidi kidogo. Likisimamishwa wima juu ya mbao zilizo mita 4 chini ya waya, ncha yake imeupita waya kwa mita 2. Fundi akigeuka na bomba begani ili limfikie mwenzake, ncha ya nyuma inachora duara ambalo yeye mwenyewe halioni. Nondo, mabati, mifereji ya maji ya paa, ngazi ya alumini, rula ndefu ya kusawazishia lipu, vyote hivi hupita mikononi mwa watu wanaotazama ukuta, na waya uko mgongoni mwao.

Kuna jambo lingine ambalo halizungumzwi vya kutosha: waya hautulii mahali ulipopimwa. Waya wa alumini wa mita 100 kati ya nguzo na nguzo, ukipata joto la nyuzi 30 zaidi kutokana na jua na mzigo wa umeme, huelekea kurefuka kwa takribani sentimita 7. Sentimita 7 ni kitu kidogo, lakini kwa sababu waya umefungwa ncha zote mbili, urefu huo wa ziada hauna pa kwenda isipokuwa chini, na mning'inio wa katikati unaweza kuongezeka kwa nusu mita au zaidi. Upepo nao huusukuma waya upande mmoja na kuurudisha, na katikati ya nguzo mbili ndipo unapoyumba zaidi. Kwa hiyo msimamizi aliyepima asubuhi na mapema, kukiwa na baridi na utulivu, amepima umbali ambao saa nane mchana haupo tena. Jukwaa nalo hubadilika. Mtu anaongeza lifti moja, yaani tabaka moja la jukwaa, ili afikie ukingo wa paa, mwingine anafunga wavu wa kuzuia vumbi, na wavu ukijaa upepo hutuna kwenda nje kuelekea laini. Aliyepima hakupima wavu.

Kosa kubwa la kufikiri ninaloliona kwenye mjadala huu ni kulitazama jukwaa kama kitu kilichokwisha kusimama. Watu huchukua mchoro, wanaweka mstari wa waya, wanaweka mstari wa jukwaa, wanapima katikati na kuridhika. Lakini jukwaa lililokamilika, lenye vizuizi vyake pembeni na mbao zake zote, liko katika hali yake ya utulivu kuliko wakati wowote. Hatari huwa kali wakati wa kulipandisha, wakati wa kulibadilisha na wakati wa kulishusha, kwa kuwa ndipo mabomba marefu yanapokuwa hewani, mikononi mwa watu, bila kufungwa popote. Jukwaa la magurudumu lina hatari yake ya pekee: likiwa limesimama upande wa kushoto wa jengo liko salama, na likisukumwa upande wa kulia likiwa na urefu uleule linapita chini ya laini ambayo hakuna aliyeinua kichwa kuitazama. Ndiyo maana linatakiwa kushushwa kabla ya kusogezwa. Umbali wa usalama unapaswa kupimwa kutoka kwenye ncha ya kitu kirefu kuliko vyote kitakachoshikwa, katika hatua mbaya kuliko zote za kazi. Ganda halina la kusema kuhusu hilo.

Sasa niwape haki yao wanaotetea mifuniko. Hoja yao ya kwanza ina uzito: mifuniko iliyowekwa na shirika la umeme lenyewe, kwenye laini ya msongo mdogo, imewaepusha watu na mguso wa bahati mbaya ambao ungewaua. Ni kweli. Hata zile kanuni za Marekani zinaruhusu jukwaa kusogea ndani ya futi 10 pale kazi inapolazimu, iwapo shirika la umeme limeshajulishwa na limefanya moja kati ya mambo matatu: kuzima laini, kuihamisha, au kuweka mifuniko ya kuzuia mguso. Mifuniko, kwa hiyo, ina nafasi yake halali. Lakini angalia nani anaiweka na inaanzia wapi. Inawekwa na mwenye laini, baada ya kukagua hali ya waya, kwa msongo maalumu na kwa muda maalumu. Ile inayoagizwa na mkandarasi kwa sababu jirani yake aliwahi kuitumia, au iliyobaki kutoka mradi uliopita na sasa imeteleza mita 5 kutoka mahali inapohitajika, haina hadhi hiyo. Na hata iliyowekwa vizuri, mimi ningeiweka ya tatu kwenye orodha ile. Laini iliyozimwa haimuui mtu akikosea. Laini iliyohamishwa haimfikii. Laini iliyofunikwa inamwachia kila mtu wajibu wa kutokosea, kila siku, mpaka kazi iishe.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na wanaharakati wa usalama huipuuza kirahisi mno. Kuzima umeme kuna gharama kwa watu wengine. Laini moja inaweza kulisha zahanati, mashine za maji, vyumba vya baridi vya kuhifadhia dawa na chakula, na karakana ambazo mafundi wake hulipwa kwa siku. Kuwaambia watu wa mtaa mzima wakae bila umeme kwa miezi mitatu ili jirani yao apake rangi jengo ni jambo lisilo la haki, na shirika la umeme likikataa halikosei. Jibu langu ni kwamba hakuna anayehitaji miezi mitatu. Kinachohitajika ni saa chache za kupandisha upande unaoitazama laini, saa chache za kuushusha, na siku zile ambazo kazi yenyewe inalazimu vitu virefu kupita. Katikati ya hapo, jukwaa lililofungwa vizuri, lenye kizuizi imara upande wa laini kinachozuia mtu au kitu kutoka nje, linaweza kukaa kwa umbali uliokubaliwa na mwenye laini. Mara nyingi kazi inaweza kupangwa upya pia: kupandisha vifaa kutoka upande wa nyuma, kutumia mabomba mafupi upande wa laini, au kulishusha jukwaa lifti moja chini na kumalizia ukingo wa paa siku ambayo umeme umezimwa. Kinachofanya kuzima kuonekane hakuwezekani ni kuombwa asubuhi ya siku ya kazi, wakati lori la mabomba limeshafika na kodi yake imeanza kuhesabiwa.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika mara nyingi zaidi: mafundi wetu wana uzoefu, wanajua umeme unaua, watajihadhari. Inasemwa kwa heshima, kama sifa kwa fundi, lakini ukiichunguza ni kumtwika mzigo usio wake. Uzoefu hauongezi nafasi kati ya bomba na waya. Unampa fundi mwendo wa haraka, unampa mikono inayofanya kazi bila kufikiri kila hatua, na mikono ya namna hiyo ndiyo inayogeuza bomba bila kutazama nyuma. Tahadhari ya binadamu hupanda na kushuka kulingana na uchovu, jua la machoni, makelele, haraka ya msimamizi na wasiwasi wa nyumbani. Mpango unaohitaji tahadhari hiyo iwe kamili kwa kila mtu kwa saa nane kila siku umeshashindwa kabla ya kuanza. Na ganda huushindisha zaidi, kwa kuwa humwondolea fundi ile hofu ndogo ambayo waya tupu ulikuwa ukimpa. Anayedai kwamba majukwaa ya miti au mianzi huondoa tatizo naye anakosea kwa njia hiyohiyo: mti mbichi au uliolowa mvua hupitisha umeme wa kutosha kuua, na nondo zinazopita mikononi ni chuma vilevile.

Wapo pia wanaotegemea fyuzi na swichi za kinga: bomba likigusa, umeme utajikata. Imani hii ni ya hatari kiasi kwamba nitakaa nayo kidogo. Vifaa vya kinga vya laini vimetengenezwa kuilinda mitambo dhidi ya mkondo mkubwa, mamia ya ampea. Moyo wa binadamu huweza kuvurugika kwa mkondo wa milliampea 50 hadi 100 unaopita kifuani, na kwa milliampea 10 na kidogo tu misuli ya mkono hukaza na mtu akashindwa kuachia alichokishika. Taa ya zamani ya wati 60 kwenye volti 230 hutumia karibu milliampea 260. Laini haiwezi kutofautisha mtu anayekufa na taa inayowaka. Na inapojikata, mara nyingi haikai imekatika: laini nyingi zina swichi zinazojirudisha zenyewe baada ya sekunde chache, mara moja, mbili au tatu, kwa kudhani kwamba tawi limeshaanguka. Hivyo watu wanaokimbilia jukwaa baada ya mlio wa kwanza kumwokoa mwenzao wanaweza kukutana na umeme unaorudi. Ardhi inayozunguka miguu ya jukwaa nayo hubeba umeme unaopungua kadiri unavyokwenda mbali, na hatua ndefu huunganisha sehemu mbili zenye msongo tofauti kupitia miguu ya mtu. Aliye juu, kama hakuna moto na hajaumia, yuko salama zaidi akibaki alipo bila kugusa kilicho nje ya jukwaa. Aliye chini akae mbali, mita 10 au zaidi, awazuie wengine, na simu ya kwanza iende kwa shirika la umeme. Mpaka mwenye laini atamke kwamba imezimwa, ihesabiwe ina umeme.

Neno kuzimwa nalo linahitaji uangalifu. Laini haijazimwa kwa sababu taa za mtaa hazijawaka, wala kwa sababu mtu fulani amepiga simu na kuahidiwa. Imezimwa pale mwenye laini alipoitenga kutoka pande zote zinazoweza kuilisha, akaipima kwa kifaa kuthibitisha haina kitu, akaifunga ethi karibu na eneo la kazi, na kumkabidhi msimamizi karatasi iliyotiwa saini inayotaja ni kipande gani na kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Ethi ni ya lazima zaidi siku hizi kuliko zamani, kwa sababu mitaa imejaa jenereta na paneli za sola, na mtambo mmoja uliounganishwa ovyo nyumbani kwa mtu unaweza kurudisha umeme kwenye laini ambayo kituo kikuu kimeiacha. Transfoma iliyopunguza msongo kwa upande mmoja huupandisha ikilishwa kwa upande wa pili.

Nchi zilizoendelea mbali katika jambo hili zimefika huko kwa kubadilisha mahali wajibu unapoanzia. Kanuni za umeme kazini za Uingereza za mwaka 1989 zinakataza mtu kufanya kazi karibu na kitu chenye umeme kisichokingwa mpaka masharti matatu yatimie kwa pamoja: iwe si jambo la busara kukizima, iwe ni jambo la busara mtu kuwa pale kikiwa na umeme, na tahadhari zinazofaa ziwe zimechukuliwa. Utaratibu wa masharti hayo ndio unaonivutia. Tahadhari inakuja mwisho. Mwenye kutaka kufanya kazi kando ya umeme ndiye anayepaswa kwanza kueleza kwa nini haukuzimwa. Fundi hatakiwi kueleza kwa nini anaogopa. Kanuni za ujenzi za nchi hiyo za mwaka 2015 zinakwenda hatua nyingine mbele: zinamtwika mwenye mradi na wasanifu wajibu wa usalama tangu kwenye karatasi. Msanifu aliyechora baraza linalotoka nje mita 2 kuelekea laini ameshaamua jukwaa litasimama wapi, awe alilifikiria au la. Kama nyaya hazikuonekana kwenye mchoro wake, basi uamuzi huo aliufanya gizani, na anayegundua ni saidia fundi mwenye bomba mkononi.

Tukikubali hoja hii, mambo kadhaa yanafuata na hayatawafurahisha wote. Kwanza, zabuni ya kazi yoyote iliyo karibu na laini inapaswa kuwa na kifungu chake cha kuzima au kuhamisha, chenye fedha zake, nje ya ushindani wa bei. Leo hii mkandarasi anayehesabu gharama hiyo hupoteza kazi kwa yule asiyeihesabu, na huyo wa pili ndiye atakayekuja kuomba mifuniko kwa kuwa ni rahisi. Pili, mashirika ya umeme yawe na mlango mmoja unaojulikana wa kupokea maombi haya na muda maalumu wa kuyajibu. Shirika linalochukua miezi kujibu linawafundisha wakandarasi kutouliza, kisha baada ya ajali hutoa tangazo la kuwataka wananchi wachukue tahadhari. Tatu, mashirika hayohayo yanapopandisha nyaya mpya zenye ganda yaseme kwa lugha nyepesi ganda hilo halifanyi nini. Nimesoma matangazo yanayozisifu nyaya hizi kuwa salama zaidi, na ni kweli kwa miti na kwa moto, lakini fundi anayesoma neno salama hana namna ya kujua kwamba yeye hakuwemo kwenye hesabu.

La mwisho ni la kushusha jukwaa, na nadhani ndipo mifuniko inapodanganya kuliko mahali pengine popote. Mifuniko huwekwa kwa muda uliolipiwa, na ujenzi huchelewa karibu kila mara. Tarehe ikifika, watu wa shirika huja na gari lao, huitoa na kuondoka, kwa sababu karatasi yao inasema hivyo. Jukwaa bado limesimama. Mafundi walioshinda wiki nyingi kando ya laini ile wakiiona haina madhara sasa wanaanza kufungua klampu na kushusha mabomba ya mita 6 kando ya waya uleule, kazi ikiwa ya haraka kwa kuwa mwenye jengo anataka kuhamia na mwenye mabomba anayataka yaende saiti nyingine. Siku hiyo hakuna mkutano wa asubuhi wala mgeni wa ukaguzi, kwa sababu kila mtu anahesabu kwamba kazi imekwisha. Karatasi ya shirika haipaswi kuwa na tarehe ya kuondoa mifuniko au kurudisha umeme peke yake. Iwe na nafasi ya saini ya msimamizi wa jukwaa, akithibitisha kwamba bomba la mwisho la upande ule limeshuka na limepakiwa kwenye lori, na bila saini hiyo gari la shirika lirudi lilikotoka.